Bibi Amekataa Kula Pesa ya Sisimizi

*Mimi ni kijana wa Muheza, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kusubu masufuria ya alumini, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu. Mwaka huu rafiki alinionyesha video kwenye simu: mtu anamimina alumini iliyoyeyuka kwenye shimo la sisimizi, ikipoa anachimba na kutoa kitu kama mti uliopinduliwa. Nikajaribu nyuma ya nyumba. Kikatoka kizuri ajabu. Mwenye nyumba ya wageni kule Pangani akakinunua kwa shilingi laki mbili na nusu, na sasa ametanguliza pesa nimtengenezee kikubwa zaidi, kutoka kwenye kichuguu kilichoko shamba la ukoo.*

*Tangu siku hiyo nyumbani hakuna raha. Bibi yangu aliyenilea hagusi chakula kilichonunuliwa kwa pesa ile. Mke wangu anasema niendelee, ada ya shule haijui sisimizi. Mwanangu wa miaka sita, aliyekuwa amesimama pembeni yangu nikimimina, kila jioni ananiuliza kama wale sisimizi walipiga kelele. Mafundi wenzangu wananicheka, wanasema hao ni wadudu tu na kila siku tunawapulizia dawa. Shangazi, nimetenda dhambi, au ni mambo ya wazee tu?*

*Fundi, Muheza*

Mwanangu,

Swali lako ni la sisimizi na nitalijibu. Lakini katikati ya barua umepenyeza jambo jingine harakaharaka, kama vile si kitu: mtoto wa miaka sita alisimama pembeni yako ukimimina. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Alivaa nini miguuni? Hukusema, ila nami nina wajukuu. Zilikuwa kandambili.

Alumini unaijua kuliko mimi. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, na huimimini palepale, unaiacha ipate moto zaidi ili ikimbie vizuri kwenye kalibu. Pale kazini mchanga wa kalibu ni wako. Umeuchekecha, umeubana kiganjani ukaona unashikana bila kulowesha mkono, ndipo ukaupa kazi. Shimo la sisimizi hukulichimba wewe. Hujui kama mvua ya juzi imetuama kwenye chumba cha tatu au cha kumi. Maji yakifikiwa na joto la namna ile yanageuka mvuke ghafla na kutanuka takriban mara 1,700. Kijiko kimoja cha chai kinatoa zaidi ya lita nane za mvuke, nao hauna njia isipokuwa ileile uliyomiminia, ukiisukuma alumini mbele yake. Inarudi juu, usawa wa uso wa mtu aliyeinama. Au usawa wa uso wa mtoto aliyesimama. Jicho halina spea.

Wanaomimina metali ardhini kwa miaka mingi huchagua mahali. Anayejulikana zaidi ni Walter Tschinkel, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani. Kazi yake nyingi ameifanyia kwenye misitu ya misonobari karibu na Tallahassee, ambako ardhi ni mchanga unaopitisha maji upesi. Udongo wa kwenu ndio ule unaoshika maji na kutuletea machungwa yale sokoni. Hayo si mazingira ya majaribio, tena msimu wa mvua.

Kwa hiyo kabla ya bibi na kabla ya dhambi: mtoto asisogee tena penye metali iliyoyeyuka, iwe ya sisimizi au ya masufuria. Nawe uvae viatu vya ngozi, suruali ishuke juu ya viatu isichomekwe ndani, nguo ziwe za pamba wala si nailoni, na miwani. Na yule aliyekushauri (sehemu hiyo ya barua nimeikata kwa ajili ya nafasi) uchanganye zinki ya betri za tochi kwa kuwa inayeyuka mapema, amekwambia nusu ya habari. Ni kweli zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Ila ikizidishiwa moto hutoa moshi mweupe, na mwenye kuuvuta hulala usiku huo akitetemeka kwa homa. Betri za gari usizifikirie kabisa, zile ni risasi.

Haya, tuje kwenye dhambi.

Mimi si sheikh na safu hii si mimbari. Lakini umefunga barua yako kwa salamu za Kiislamu (nazo nimezikata), basi nadhani Suratun-Naml unaijua. Nabii Sulaiman anapita na majeshi yake, na sisimizi mmoja anawahimiza wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na watu wasiowatambua. Tazama adabu ya mdudu yule. Anaogopa kupondwa, na papo hapo anawapa wapondaji udhuru kwamba hawajui wanachokikanyaga. Wewe udhuru huo huna. Uliwaona, ukawalenga, ukamimina.

Ipo pia hadithi, iko katika Bukhari na Muslim, ya nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi akaamuru makazi yao yote yachomwe. Mola wake akamlaumu kwamba ameangamiza umma mzima unaomtukuza Mungu kwa sababu ya mmoja aliyemuuma. Na yule angalau aliumwa. Wa kwako walikuwa nyuma ya nyumba wakihangaika na makombo.

Sisemi umelaaniwa. Nenda kwa imamu wako, atakupa jibu lenye uzito kuliko la gazeti. Nasema tu kwamba bibi yako hajatunga jambo lake kichwani, na wenzako wanaokucheka wamechanganya vitu viwili. Anayepulizia dawa sisimizi walioingia kwenye sukari anakinga chakula chake. Wewe ulikuwa unatafuta pambo la ukumbini.

Video uliyoiona nadhani ni mojawapo ya zile zilizoanza kusambaa mwaka 2013. Aliyezianzisha alikuwa akimimina kwenye viota vya sisimizi wa moto, ambao wataalamu huwaita Solenopsis invicta. Asili yao ni Amerika Kusini. Waliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, wakaenea majimbo ya kusini, na kundi moja lililokomaa linaweza kuwa na wafanyakazi zaidi ya laki mbili wenye mwiba unaowaka. Kule wakulima na wenye nyumba huwaua kwa sumu kila mwaka. Kwa hiyo mwenye video alikuwa na utetezi, kwamba hao walikuwa wa kufa tu. Hata hivyo alilaumiwa na wengi. Utetezi huo haupandi ndege kuja Muheza. Wa kwako wako kwao.

Wageni waharibifu wapo pia huku kwetu, usidhani nawatetea sisimizi wote. Kule Laikipia, Kenya, sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa wamewaua sisimizi wenyeji waliokuwa wakilinda migunga dhidi ya tembo. Ulinzi ukaondoka, tembo wakaivunja miti, simba wakakosa pa kujificha wanapowinda pundamilia, wakahamia kuwinda nyati. Utafiti wake ulitoka mwaka 2024. Yote hayo kwa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Lakini hata hao huwezi kuwamaliza kwa alumini. Wana malkia wengi na wametapakaa, ukimimina shimo moja umepoteza makaa yako tu.

Profesa Tschinkel naye aliua, tusimsafishe. Alimimina jasi, akamimina nta, akamimina zinki na alumini. Tofauti ni kwamba alikuwa na swali. Alitaka kujua nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuiona imekaaje. Akagundua kwamba sisimizi wavuna mbegu wa Florida huchimba hadi zaidi ya mita mbili, wakishuka kwa njia inayojizungusha kama ngazi ya mnara, na kwamba vyumba vimejazana karibu na juu kisha vinapungua kadiri unavyoshuka. Wafanyakazi wachanga hukaa chini na watoto, wazee hukaa juu, na ndio wanaotoka nje kutafuta mbegu na kufa huko. Kiota alichokijaza nta aliweza kuiyeyusha tena na kuwahesabu waliokuwemo, chumba kwa chumba. Mwaka 2021 akayaweka katika kitabu kizima. Swali lako wewe lilikuwa "kitatoka kikoje?", nalo lilijibiwa mara ya kwanza. Cha pili ni biashara.

Nami sina ugomvi na biashara. Mkeo ana haki yake, ada ya shule kweli haijui sisimizi. Nina ugomvi na kichuguu.

Sijui mteja wako wa Pangani anadhani kichuguu ni nini, labda anaona ni shimo la sisimizi lililokua. Kile ni cha mchwa, na mchwa si sisimizi, wana undugu na mende. Ndani wanalima uyoga wao, na bustani hizo wanazitunza zikiwa na unyevunyevu wakati wote, kiangazi na masika. Nimeshakwambia unyevu na alumini hufanyana nini. Halafu piga hesabu ya fundi. Tuseme uwazi wote wa ndani unajaa pipa moja la lita 200, tena kwa kichuguu kikubwa huko ni kupunguza. Lita moja ya alumini ni kilo 2.7, kwa hiyo unahitaji kilo 540. Una rimu na pistoni chakavu za kutosha? Una chombo cha kuzimimina kwa mkupuo kabla hazijaganda njiani? Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu kule Namibia, walitumia jasi, kisha wakaosha udongo kwa maji taratibu mpaka mifereji ikabaki imesimama yenyewe. Kule Brazil, Luiz Forti na wenzake walijaza kiota cha sisimizi wakata majani kwa saruji, tena kwa tani. Hao ni vyuo vikuu, wana magari na vibarua. Wewe una feni moja na gunia la makaa.

Na kichuguu kile kina kazi. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi hutoka wapi? Uyoga mnono mnaookota alfajiri huota wapi? Nikuongezee jambo la fani yako: wafua chuma wa Buhaya walijengea tanuri zao udongo wa kichuguu kwa kuwa unastahimili moto. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwakuta wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo miaka ya 1970, nao wakaijenga upya akiona. Ukitaka kitu kutoka kwenye kichuguu, omba debe la udongo ulioporomoka ukasiribie tanuri lako. Hilo hata bibi hatalikataa.

Tena hicho kichuguu ni cha nani? Umeandika "shamba la ukoo" kisha ukaendelea na mengine. Uliwauliza baba zako wadogo? Kwenye mashamba mengi kichuguu ndicho mpaka, ndicho alama ya kaburi la zamani, ndipo mahali pa kutambikia kwa wanaotambika. Bibi anaweza kuwa anajua jambo juu ya mahali pale ambalo wewe hujawahi kuambiwa kwa sababu hujawahi kuuliza. Katika barua nzima hukutaja neno hata moja alilolitamka bibi. Umeniambia asichokula. Kaa naye jioni, usimpelekee hoja, muulize tu. Na chakula mnunulie kwa pesa ya masufuria, umwambie hivyo wazi, mwanamke huyo asishinde njaa ndani ya nyumba ya mjukuu aliyemlea.

Sasa kazi yenyewe, maana sitaki uiache. Mtu aliyetoa umbo lile mara ya kwanza likatoka zima ana mkono.

Njia ya kwanza ni kutumia viota vilivyohamwa. Wale wavuna mbegu wa Florida niliokutajia huhama karibu kila mwaka, mita chache tu kutoka pale, na ndani ya siku chache wameshachimba nyumba nyingine. Wanaacha tupu ile ya zamani. Sisimizi wa huku nao wapo wanaohama, utawajua kwa kuwachunguza. Tafuta tundu lisilo na udongo mpya mlangoni, lenye utando wa buibui. Weka kichwa cha dagaa na sukari kidogo karibu yake kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni. Asipotoka hata mmoja, pametulia. Kichuguu nacho kina kipimo chake: kwangua ukuta kidogo jioni, na kesho yake ukikuta wameziba kwa udongo mbichi, wenyewe wamo. Kikiwa kimehamwa kweli usitie mkono. Nyoka na kenge hupenda nyumba za urithi.

Nikuonye, viota vilivyohamwa huporomoka na kujaa mchanga mapema. Utamimina vingi upate vigutu. Na kanuni ya ukavu haibadiliki: kiangazi, udongo mkavu, na ukiwa na shaka acha.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, na nashangaa hukuiona wewe fundi. Usimimine ardhini kabisa. Vyumba vya wale sisimizi wa profesa ni bapa kama chapati, vimetundikwa kwenye njia moja inayojizungusha. Kila chumba ni kalibu nyepesi ya mchanga, nyepesi kuliko ya sufuria kwa sababu haina tumbo. Chonga vielelezo vya mbao laini au nta, vingine vikubwa, vingine vyenye ncha tatu, vingi vya juu na vichache vya chini. Visubu kimoja kimoja ndani ya kiwanda chako, kwenye mchanga unaoujua. Kunja ufito wa alumini, toboa vyumba, vipitishe na ukaze kwa ribiti zilezile unazokazia mikono ya masufuria. Unaweza kutengeneza cha futi mbili, unaweza kutengeneza cha urefu wa mtu, na hakuna anayekufa. Usikipige msasa mpaka king'ae kila mahali. Acha chembe za mchanga zionekane zilivyojichapa, hapo ndipo uzuri wake ulipo. Na mteja mwambie ukweli: hiki nimekitengeneza mimi kwa kufuata jinsi sisimizi wanavyojenga. Ukimwambia kimetoka ardhini umemwibia.

Mtoto. Anakuuliza kila jioni kwa sababu kila jioni unamkwepa, nadhani unamwambia alale. Mjibu. Mwambie sisimizi hawana mapafu wala koo, hawapigi kelele kama zetu, ingawa baadhi yao husugua miili wakatoa sauti ndogo wakibanwa. Mwambie walioguswa na alumini walikufa palepale. Usimwambie hawakuhisi kitu, hilo huna ushahidi nalo, na watoto hutambua mtu mzima anapojisemea tu. Kisha siku moja mchukue mkawatazame wale weusi wakubwa wanaokwenda kwa mstari kuvamia mchwa, mkae mbali maana wanauma vibaya. Kule Ivory Coast mtafiti Erik Frank aliwaona wakirudi vitani wakiwabeba wenzao walioumia hadi nyumbani, na huko wakiwalamba vidonda. Mpe mtoto habari hiyo aende nayo shuleni. Ataacha kukuuliza lile swali, ataanza kukuuliza mengine mia.

Laki mbili na nusu ya kwanza umeshaila, sitakwambia uitapike. Ukitaka kuitolea sadaka ni baina yako na Mola wako. Ile iliyotangulizwa usiiguse. Nenda Pangani mwenyewe, usipige simu, na uende na kipande kimoja ulichokisubu kwa njia hii mpya ili mtu akishike mkononi. Mwambie cha kichuguu hakiwezekani na mpe sababu ile ya kilo 540, wenye nyumba za wageni huelewa hesabu upesi. Akikataa, mrudishie pesa yake mbele ya shahidi. Akikubali, mwambie bei si ile ya mwanzo. Kile ulikimimina mara moja na kuchimba, na kazi iliyobaki waliifanya wengine bure. Hiki ni vyumba arobaini vya kusubu na kukaza ribiti, na fundi ni mmoja.